Majani Thelathini kwa Kila Mtu

Katika maghorofa yale yasiyofunguliwa madirisha, kila nyumba ilikuwa na mmea mmoja wa kutambaa, na mmea wenyewe ulijua ni wangapi wanaovuta hewa yake. Ulitoa majani thelathini kwa kila mtu, basi. Nyumbani kwa Kabula walikuwa watatu, yeye, mumewe na mama mkwe wake Bi Nyamizi, na majani yalikuwa tisini.

Asubuhi moja Kabula alihesabu tisini na manne. Akajishika tumbo, maana alikuwa hajamwambia mtu.

"Mmea umekuwahi kusema, mwanangu," Bi Nyamizi akacheka. "Nami nikadhani ni wali wangu unaokunenepesha."

Tangu hapo kila kulipokucha jani jipya lilijikunjua polepole, laini, liking'aa kama limepakwa mafuta, na Kabula alilitazama hadi chai ikapoa.

Kisha yakaanza majani ya manjano, upande wa kitanda cha Bi Nyamizi.

"Mama, umezidisha maji tena."

"Sijaugusa, haki ya Mungu."

Kabula akachomeka kidole kwenye udongo. Unyevu ulikuwa wa kutosha. Akausogeza mmea kwenye mwanga, akapangusa vumbi jani kwa jani. Manjano yakazidi, upande ule ule.

"Yamebaki mangapi huku kwangu?" Bi Nyamizi aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa akishona kishati cha mtoto.

"Mengi, Mama," Kabula akajibu, akikifumba kiganja juu ya jani aliloliokota sasa hivi.