Rimu za Dhahabu

Tangu magari yaanze kujiendesha na watu wapigwe marufuku kushika usukani barabarani, Mark II, gari la zamani la Semboja, ilikaa uani kwake Tanga. Leo yeye na mkewe, Mwanahawa, waliifungia rimu pana za rangi ya dhahabu.

"Nyeusi zingependeza zaidi, mzee wangu," alisema Mwanahawa, akikaza nati.

"Lakini fungate tulikwenda na za dhahabu."

Waliishusha kwenye jeki, wakaingia. Injini ilinguruma kama zamani, na Semboja akahisi ujana unamrudia.

"Haya, nipeleke tena Lushoto," Mwanahawa akacheka. "Tukitoka getini tunakata wapi?"

Semboja alishika usukani, akafikiri. Miaka yote hii magari ndiyo yaliyojua njia. Akamgeukia mkewe amkumbushe. Mwanahawa hakuwa akicheka tena; naye njia ilikuwa imemtoka.