Likizo ya Wawili

Mwaka wa nne wa maradhi, serikali ililipia kila nyumba likizo ya siku tano humu nchini, na kukataa kulikuwa kosa, maana hoteli zilipaswa kujaa. Likizo yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Mume wa Nasimiyu alikuwa amefariki, basi ofisi ikampangia mgane aitwaye Kiprono.

Hotelini walikuta kitanda kimoja.

"Marehemu alikuwa akilala upande gani, mama?" Kiprono akauliza.

"Dirishani. Lala tu, mzee."

Siku ya mwisho wakapigwa picha ya lazima, barakoa usoni. Nyumbani, mama mkwe, aliyedanganywa kwamba mwanawe yuko kazini mbali, akaisogeza picha machoni.

"Kumbe mwanangu amenenepa," akasema.

"Ndiyo, mama," Nasimiyu akajibu, akaenda kutafuta msumari wa kuitundikia.