Nyigu Aliyemkata Mbawa Mlinzi wa Ukuta

Hapo kale, nyuki wa mzinga mmoja walikuwa na chumba cha joto walimolelea watoto wao, na nyuki aitwaye Siwema ndiye aliyelinda ukuta wake. Kazi yake ilikuwa kuung'ang'ania ukuta huo na kuvumisha mbawa bila kukoma.

Siku moja Nyigu alijipaka nta akanukia kama mwenyeji, akapita langoni bila kuulizwa. Alitaka kutaga mayai yake chumbani, nyuki wayalee wakidhani ni yao. Alipofika ukutani, Siwema alimtambua.

"Wewe si wa kwetu," alimwambia.

Nyigu alimrukia akamkata mbawa zote. "Haya, bibie, waite wenzako sasa."

Siwema alisikia uchungu mkali, ila miguu yake haikubanduka. "Sina haja ya kuwaita," alisema. "Umekwisha kuwaita wewe."

Maana nyuki waliokuwa chumbani waliuzoea mvumo wake kama pumzi zao. Ulipokatika tu, wote waligutuka wakamiminika nje. Walimzonga Nyigu pande zote, wakatetemesha miili yao mpaka joto likamuua. Kisha wakambeba Siwema juu juu, mzinga mzima ukirindima kwa nyimbo.

Hata ndani ya seli, zile chembe hai za miili yetu, kirusi kikiingia hujaribu kuwanyamazisha walinzi, yaani protini zilizoshikilia utando wa mitokondria, lile jiko la chembe. Na mara nyingine kunyamaza kwa mlinzi ndiko kunakomfichua adui.