Leso Juu ya Dashibodi

Germaine alitandaza leso nyeupe juu ya dashibodi, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Ingali blanc," alisema. "Ongeza orange."

Mapalo, fundi wa taa, alivuta pumzi akabonyeza telekomande. Mchana kweupe, tena Jumapili, karakana yake ya Kampemba ilikuwa imeshushwa mlango wa bati kwa amri ya mama huyu, eti ndani kuwe giza rangi zionekane. Afadhali gari lilikuwa la umeme. Lingekuwa la mafuta, moshi ungekuwa umeshawamaliza wote watatu.

Wa tatu alikuwa Paulin, mume wa Germaine, mwenye gari. Alikaa kiti cha mbele na miwani yake myeusi, humo humo gizani, shati limemkaa kama la kuazima. Miaka yote alifanya kazi forodhani Kasumbalesa, akiwapitishia watu magari yao, na hili la Kichina ndilo la kwanza alilolipitisha kwa jina lake mwenyewe. Sasa paneli za milango zilikuwa zinang'olewa moja moja, na yeye anaangalia tu kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi.

Mapalo alimwonea huruma. Nyumba za namna hiyo alizijua: mama anasema, papa anaitikia.

"Papa, gari ni ya kwako," alimwambia. "Sema hata we rangi yenye unapenda. Bantu bote banaweka bleu ama violet, chini ya viti. Inakuwaka muzuri."

"Fanya vile mama anasema," Paulin alijibu. Hakukasirika, hakufurahi. Hata kujali alikuwa amechoka.

Basi Mapalo akarudi kwenye kazi, akibandika taa za utepe, na alipofika sehemu ya miguuni Germaine akamzuia.

"Miguu haisemake ku telefone. Weka juu, ku uso."

Ndipo akamweleza. Walikuwa na binti mmoja tu, Chancelvie, ameolewa Kinshasa. Mimba zake mbili za kwanza zilitoka. Hii ya tatu imekua, lakini daktari amemlaza kitandani, amemkataza safari, amemkataza na wasiwasi. Kila Jumapili usiku anapiga simu anataka kumwona baba yake.

"Na kila dimanche, kule kwetu Makomeno courant haiko," Germaine alisema. "Tunamwambia tuko mu giza, anasikia sauti tu. Sasa alisema, kama sione papa dimanche hii, ninapanda avion. Njo mutoto wangu, ninamujua. Atapanda, na mimba itatoka mu njia."

Aliyasema hayo bila kutikisika, kama mtu anayetaja bei za sokoni. Kulia alishalia, kulikwisha.

"Kama ni hivyo, mama, blanc njo inafaa," Mapalo alisema. "Ku kamera, blanc inaonyesha muntu vile iko."

"Hapana blanc."

Mteja ni mfalme, hata akiwa mfalme asiyejua rangi. Mapalo akazidisha chungwa, akapunguza buluu mpaka ikaisha kabisa. Leso ikageuka polepole, ikawa krimu, kisha ikawa rangi ya bukari, ugali wa mahindi ya manjano. Fundi mwenyewe alijisikia vibaya. Kazi mbaya namna hii ikionekana mjini, nani atamletea gari tena?

"Kuja, ikala apa nyuma," Germaine alimwambia fundi kutoka kiti cha dereva. "Angalia mimi."

Akamkazia macho. Mapalo aliona haya, mke wa mtu kumtazama hivyo mbele ya mumewe, akajikuna shingo. Paulin hakugeuka.

"Toa lunettes," Germaine akamwambia mumewe.

Paulin akavua miwani. Mama akamtazama fundi machoni, akamtazama mumewe, akarudi kwa fundi. Halafu mabega yake yakashuka.

"Iko bien," alisema, akapiga simu.

Uso wa Chancelvie ulitokea ukiwa umelala juu ya mto. Alimtazama baba yake, machozi yakimtiririka kuelekea sikioni. Kisha akaanza kucheka.

"Papa, unakuwa jaune yote. Hata mu macho."

"Njo mataa, mama," Paulin akamwambia binti yake. "Mama yako alitaka mataa mu gari."

"Na ye mama iko jaune. Na ule wa nyuma njo nani?"

"Njo fundi," Germaine alisema, akageuza simu. Mapalo akapunga mkono.

"Hata ye. Munafanana bote sawa bukari." Chancelvie alicheka mpaka akashika tumbo. "Basi sipande tena avion. Nilifikiri munanificha kintu."

"Tukufiche nini?" Germaine akasema. "Lala, mama. Lala vile docteur alisema."

Paulin alitabasamu, mara ya kwanza tangu waingie, na akaendelea kutabasamu hata baada ya simu kukatika, kama mtu aliyesahau kuufunga mdomo. Germaine akazima taa.

Mapalo akatoka garini, akainua mlango wa bati. Jua la mchana likaingia, likamulika hadi ndani ya gari. Juu ya dashibodi leso ikawa nyeupe tena. Macho ya Paulin yakabaki manjano.