Beseni la Karamu

Kipindupindu kilikuwa kimeshaua watu saba mjini, na bado karamu ya harusi ilianza kwa beseni moja la kunawia wote. Diwani Mwanahawa alisimama na birika lake. Mwaka mzima alikuwa akiwasihi watu wamiminiwe maji, nao wakimcheka.

"Mama diwani, siasa ziache huko barazani," alisema Mzee Shomvi, ambaye kwa umri wake ndiye aliyenawa wa kwanza siku zote. "Beseni ni udugu."

"Kweli, baba. Basi leo udugu uanzie kwa wadogo."

Mzee akakubali, asije akaonekana ana choyo. Beseni likaanzia kwa watoto, likapita kwa wapishi, likapita kwa wapiga ngoma. Lilipomfikia yeye, maji yalikuwa kama uji wa mtama, na unywele unaelea juu.

Aliyatazama. Akamtazama diwani. Pilau ilikuwa inanukia.

"Haya, bismillahi," akasema. "Lete hilo birika lako, mwanangu."

Vigelegele vikapasuka jikoni. Mwanahawa alimimina, na nyuma ya mzee watu walikuwa wameshajipanga, mikono ya kanzu imekunjwa, viganja wazi.