Kompyuta Iliyoacha Kukawia

“Irudishe ilivyokuwa,” alisema mshonaji, akaitua kompyuta juu ya meza kwa kishindo.

Fundi alishusha pumzi. Tangu afungue duka hakuwa ameketi. Mgongo ulimkaza, macho yakimwasha kana kwamba yametiwa pilipili. Kompyuta hiyo aliikabidhi juzi tu, na aliikabidhi ikiwa safi.

“Imefanya nini tena, dada?”

“Haijafanya kitu.”

Mshonaji huyu ndiye aliyeileta mara ya kwanza, uso umemjaa tabasamu. Mumewe alikuwa mfasiri, kazi zake akizifanyia nyumbani, na kila asubuhi kompyuta yake ilijikongoja kuwaka kama mzee anayetoka kitandani siku ya baridi. Mume aliilaani hadi majirani wakazijua laana zake kwa moyo. Mkewe akaona amfanyie jambo la kumfurahisha: akanunua diski mpya, zile za SSD zisizo na kitu kinachozunguka ndani, akamletea fundi.

“Hamisha kila kitu,” aliagiza siku hiyo. “Asikose hata kamusi moja.”

Fundi alihamisha. Haikuwa kazi ya lelemama. Diski kuukuu ilikuwa ikikoroma kama mgonjwa wa kifua, na uhamishaji ulikwama kwenye faili bovu, ukaanza upya, ukakwama tena. Alikula mkate mkavu akiwa amesimama, jicho kwenye kile kimstari cha kijani kilichosogea kwa kusitasita. Mwishowe mfumo mzima ukahamia diski mpya, na programu zake zote, na barua, na kamusi. Alipobonyeza kitufe, kompyuta iliwaka kufumba na kufumbua. Mshonaji alipiga makofi dukani mle mle.

Leo hakuwa na makofi. Fundi aliiwasha kompyuta. Ikawaka papo hapo. Akafungua kamusi, akafungua barua. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

“Kuna faili iliyopotea?”

“Hakuna.”

“Programu imegoma?”

“Zote nzima. Mume wangu anakusifu mpaka basi.”

“Sasa tatizo liko wapi?”

“Nirudishie ile diski ya zamani, fundi. Najua bado unayo.”

Fundi alimtazama. Katika kazi hii alikuwa ameona mengi: wake walioleta kompyuta za waume, waume walioleta za wake, kila mmoja akichokoa asichotaka kukikuta. Akainamisha kichwa na kupunguza sauti.

“Dada, kama kuna jambo umeliona humu, kubadilisha diski hakutalifuta. Kilichokuwa kule, kipo na huku.”

“Sijaona jambo. Hata kuifungua sijui.”

“Mnagombana?”

“Tungegombana ningeshukuru.”

Fundi hakuelewa. Aliivuta droo, akaitoa diski kuukuu, akaipima mkononi. “Hii inakata roho. Itamzimikia siku moja na kazi zake zote ndani.”

“Basi kazi zake ziwekee nakala kwenye hiyo mpya. Ila ya kuwashia iwe hii.”

“Nimwambie nini mwenyewe akija juu?”

“Mwambie mpya imekufa. Mwambie nimeiangusha. Lolote.”

Uchovu ukampanda fundi kichwani. Akaiweka bisibisi mezani. “Dada, nimesimama kutwa nzima. Niambie ukweli, au uchukue kompyuta yako tuagane kwa heri.”

Mshonaji alijiachia kwenye benchi la wateja. Akavitazama vidole vyake vilivyotobolewa na sindano, akavisugua kimoja kimoja, kama mwenye kutafuta pa kuanzia.

“Zamani akishaiwasha,” alisema, “alikuwa anakuja jikoni kuketi nami. Ananihadithia anachofasiri, namhadithia wateja wangu, tunacheka, mpaka iwake. Sasa inawaka kabla hajainuka kitini.”