Sikio la Tunu

Siku hizi sikio la mtoto halipimwi kwa kupiga makofi nyuma yake. Mpimaji huja nyumbani, humchomeka mtoto kidude sikioni, na sauti yoyote ambayo sikio limeizoea huwasha taa ya kijani. Sauti ngeni huwasha nyekundu.

Mpimaji wetu alisema hajawahi kufika hapa kwetu Kondoa kabla ya siku hiyo. Nikamwita Tunu, wa miezi tisa, akiwa mapajani mwangu: kijani. Baba yake, Chande, akamwita: kijani. Redio ya jirani: kijani, tukacheka.

"Anasikia vizuri sana, Mama Tunu," mpimaji akasema.

Taa ikawaka kijani. Akaifunika upesi kwa kiganja.

"Dada, mwanangu ameizoea wapi sauti yako?"

"Mashine hizi mpya zina matatizo, dada yangu," akajibu, na kijani kikapenya tena kati ya vidole vyake. Kisha akaomba kunawa mikono.

Milango yetu inafanana, na kila mgeni huanza kwa kufungua stoo. Yeye alikwenda moja kwa moja bafuni, akapeleka mkono nyuma ya mlango, pale fundi alipoificha swichi, akawasha taa.